Unene Unaoshuka Bandarini

Hakuna biashara inayostawi siku hizi kama ile ya kuwauzia watu njia za kupunguza unene. Ukifungua simu, ukipita madukani, ukikaa barazani, utasikia habari za chai ya kukausha tumbo, za vidonge vya kuyeyusha mafuta mtu akiwa amelala, za mkanda wa kufunga kiunoni, za kuacha wali siku arubaini, za kunywa ndimu na maji ya moto kabla ya jua kuchomoza. Kila muuzaji ana shahidi wake aliyepungua kilo kumi kwa mwezi mmoja. Hatujamwona hata mmoja anayemleta shahidi huyo huyo mbele yetu baada ya miaka miwili.

Jambo lenyewe si la mzaha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao milioni 890 walikuwa na unene wa kiwango cha maradhi. Kipimo kinachotumika ni hesabu nyepesi: uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jawabu likifika 25, uzito umezidi. Likifika 30, huo ni unene wa maradhi. Mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60 anapata 31. Nyuma ya hesabu hiyo hufuata kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi, na wenye kuyauguza hayo majumbani mwao hawahitaji kuhadithiwa.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wake mwengine. Tangu zamani mtu aliyejaa mwili tumemwita aliyenawiri, na mwanamke akipungua baada ya kuolewa jamaa zake humtazama mumewe kwa jicho la shaka. Ulipoingia UKIMWI hali ikazidi: kukonda kukawa ushahidi wa maradhi, na wengi wakaona kitambi ndicho cheti cha uzima. Basi leo bibi huyo huyo anayeambiwa kwenye harusi kwamba amependeza kwa kujaza gauni, huambiwa hospitali ajipunguze, na akijipunguza huulizwa na jirani anaumwa nini. Si ajabu akakimbilia chai ya siri.

Kwa nini njia nyingi hizi hazidumu? Jawabu limejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1945, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa muda wa wiki 24, mpaka wakapoteza kama robo ya uzito wao. Miili yao ilipunguza matumizi yake ya nguvu, wakawa wanyonge, wanaona baridi, wanaota chakula na kukizungumza mchana kutwa. Walipofunguliwa milango ya jikoni walikula pasi na kiasi, na mafuta ya mwilini ndiyo yaliyorudi mbele ya nyama. Mwili hautofautishi kati ya njaa ya ukame na njaa ya anayetaka kuvaa nguo ya Idi. Zote mbili huzipiga vita. Kwa hivyo anayerudia kunenepa baada ya miezi sita ya kujinyima asitukanwe kwamba hana azma. Apewe haki yake: alikuwa anashindana na umbile lake.

Dawa nazo zina historia ambayo wauzaji hawaitaji. Katika miaka ya 1930 Wamarekani walimeza dawa iitwayo dinitrofenoli, iliyounguza mafuta ya mwili kweli, na pamoja na mafuta ikaunguza roho za watu, hata ikapigwa marufuku mwaka 1938. Fenfluramini iliondolewa mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Sibutramini iliondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010, kwa kuwa iliwaongezea wagonjwa wa moyo hatari ya mshituko na kiharusi. Na hii ya mwisho msomaji aishike vyema, kwani haikufa. Wakaguzi wa dawa wa nchi mbalimbali wameendelea kuikuta, bila ya kutajwa popote kwenye pakiti, ndani ya chai na vidonge vinavyouzwa kwa jina la mitishamba. Ile chai inayomfanya mtu asisikie njaa na moyo umpige mbio, yamkini haikuchumwa shambani hata kidogo.

Ipo dawa mpya ambayo hatuwezi kuiweka fungu moja na hizo. Semaglutidi, sindano ya mara moja kwa wiki inayotengenezwa na kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark, ilijaribiwa kwa watu 1,961, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021: baada ya wiki 68 waliochomwa sindano hiyo walikuwa wamepungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, na waliochomwa sindano tupu asilimia 2.4. Hiyo ni kazi kubwa, na asiyeikubali anafanya inda. Lakini walioiacha walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba aliyeanza huenda akaihitaji maisha yake yote. Ilipoidhinishwa Marekani kwa ajili ya unene, bei yake iliyotangazwa ilizidi dola 1,300 kwa mwezi. Bei imekuwa ikishuka tangu hapo, na itashuka zaidi, na siku itakapofika bei ya mnyonge tutaipokea. Hata hivyo, hakuna serikali ya visiwa inayoweza kuwasubirisha wananchi wake foleni ya sindano huku ikiacha wazi mlango unaowanenepesha.

Mlango huo ni bandari. Hili hatulisemi kwa kubuni, kwani visiwa vyenzetu vimetutangulia.

Nchi zinazoongoza duniani kwa unene ni visiwa vidogo vya bahari ya Pasifiki, kama Nauru na Tonga. Mfalme Taufa'ahau Tupou wa Nne wa Tonga, aliyetawala kuanzia 1965 mpaka alipofariki 2006, alikuwa na zaidi ya kilo 200 katika miaka ya 1970. Katika miaka ya 1990 aliamua kupunguza mwili wake, akawa anapanda baiskeli na kufanya mazoezi mbele ya raia zake, akapungua zaidi ya kilo 60, na yakaanzishwa mashindano ya taifa ya kupunguza uzito. Kiongozi gani mwengine amefanya zaidi? Na bado Tonga haikukonda. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Shirika la Afya Duniani uliwauliza Watonga juu ya vyakula vyao, na majibu yao yanafaa kubandikwa katika kila ofisi ya mipango: walijua vizuri kwamba samaki na viazi vyao vya asili vina manufaa zaidi, lakini walikula mbavu za kondoo zenye mafuta tele kutoka New Zealand kwa sababu ndizo zilizopatikana na ndizo zilizokuwa rahisi. Elimu walikuwa nayo. Kilichokosekana ni chakula chema kwa bei yao.

Fiji ilipiga marufuku uuzaji wa mbavu hizo mwaka 2000. Samoa ilizuia mikia ya batamzinga mwaka 2007, kisha ikalazimika kuliachia zuio hilo ili ipokelewe katika Shirika la Biashara Duniani, ambalo iliingia mwaka 2012. Huko ndiko nyama ambayo tajiri haili hutetewa kwa mikataba ili maskini aile.

Mfano wa karibu zaidi uko katika bahari yetu hii ya Hindi. Mwaka 1987 serikali ya Mauritius ilibadilisha mafuta ya kupikia yaliyokuwa yakiuzwa kwa ruzuku na kutumiwa na wananchi wengi, kutoka mawese kwa sehemu kubwa hadi soya tupu. Mama wa nyumbani hakuambiwa abadili chochote; aliendelea kukaanga kama alivyozoea. Ilipofika 1992 wastani wa lehemu katika damu ya watu ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na uvutaji wa sigara na ulevi wa kupindukia nao ulikuwa umepungua kutokana na kampeni iliyokwenda sambamba. Hakuna chai iliyopata kufanya hivyo kwa taifa zima. Lakini tuwe wakweli, maana msifu aliyepitiliza hupoteza kesi yake: katika miaka hiyo hiyo watu wa Mauritius walizidi kunenepa. Kubadili aina ya mafuta kulilinda mishipa ya moyo. Kiasi cha mafuta, kiasi cha sukari na uvivu wa miguu havikuguswa vya kutosha, na unene ukaendelea na safari yake.

Sasa turudi kwetu. Mchele tunaokula sehemu kubwa hutoka ng'ambo, na mafuta ya kupikia na sukari ni vivyo hivyo. Muhogo, majimbi, shelisheli na ndizi vimeshushwa cheo vikawa chakula cha aliyekosa, na samaki mzuri hukutana na mnunuzi wa hoteli pale pale dikoni kabla ya kumwona mwenyeji. Chai ya vijiko vitatu mara nne kwa siku ni vijiko kumi na viwili, karibu gramu 50, na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa cha sukari ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiweka mwaka 2015 kwa mtu mzima. Kopo moja la soda ya kola la mililita 330 huongeza vijiko karibu tisa. Gramu ya mafuta hutia nguvu mwilini zaidi ya mara mbili ya gramu ya sukari, na kachori, sambusa na chipsi hazihesabiwi kuwa ni mlo. Chuoni tulifundishwa kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi. Lakini futari zetu zinajulikana.

Miaka ya 1973 na 1975 Tanzania Bara iliendesha kwa redio kampeni za Mtu ni Afya na Chakula ni Uhai. Vikundi vilikaa, vikasikiliza, na vyoo vikachimbwa, kwa kuwa kilichohitajika kilikuwa jembe na nia, na vyote viwili vilikuwepo kijijini. Anayeambiwa leo apunguze sukari na mafuta ale samaki na mboga, jembe lake liko wapi? Kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi hujaza barabara za mji, na viongozi mbele, nasi twawapongeza. Tarehe 2 kikao kinafunguliwa kwa soda na sambusa, na mwenye kikao amefika kwa gari kutoka mtaa wa pili.

Tunafahamu kwamba ushuru wa forodha ni jambo la Muungano na viwango vyake hukubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hivyo hatutaki kuwadai watendaji wetu yasiyo mikononi mwao. Hoja ya mafuta na sukari na ipelekwe kule inakoamuliwa, pamoja na hesabu za Mauritius. Yaliyo mikononi mwao ni haya: nini kinauzwa kwenye geti la skuli wakati wa mapumziko, nini serikali yenyewe inanunua kwa ajili ya hospitali, kambi na vikao vyake, kiwanja gani cha mtaa kinabaki kiwanja na kipi kinageuka ghala, kama mwenye miguu ana pahala pa kupita pasipo kugongwa na bodaboda, na kama mkulima wa muhogo na mchicha ana soko na njia ya kulifikia.

Wakala wa Chakula na Dawa wa Zanzibar nao wanaweza kuanza kesho asubuhi, bila ya kusubiri bajeti wala semina, na zile pakiti za chai ya tumbo zisizo na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo. Ziko wazi madukani, na wanaozinunua ni mama zetu na dada zetu.