Ndoa ni ya Kweli, Sasa Karatasi Ziko Wapi?

Kama umezaliwa Kibokoni ama Makadara, harusi ya pwani waijua. Bwana harusi yuko msikitini na wanaume, wali anaozesha, mahari yanatajwa, haluwa na kahawa zinapita. Bi harusi je? Yuko nyumbani na hina yake, idhini ameshaulizwa kando. Sasa jione umesimama mbele ya dirisha la kioo, ubalozi wa Marekani kule Gigiri, umetoka Mombasa usiku kucha kwa basi, na afisa anakuuliza: "Siku ndoa inafungwa, wewe ulikuwa wapi?"

Ukisema ulikuwa nyumbani kwa mamako, umesema kweli. Na kama hukujipanga, kweli hiyo itasikika kama uongo.

Haya, tuongee. Kwa nyinyi mnaongoja kumfuata mume au mke Marekani, shida yetu mara nyingi si ndoa feki. Ndoa zetu zinaishi midomoni mwa watu. Mtaa mzima unajua fulani kaolewa na fulani, imamu anajua, hata mama muuza mahamri anajua. Afisa hajui, na hana siku ya kuja kukaa barazani aulize.

Chukua nikahi ya wakili. Bwana yuko Minneapolis, anafanya kazi za zamu, ruhusa hapati. Anamwakilisha kakake, ndoa inafungwa hapa Mji wa Kale, yeye anatazama kwa simu. Kwa dini imepita. Lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani ina kifungu chake: kama hamkuwa pamoja ndoa ilipofungwa, haiwatambui kama mume na mke mpaka muwe mmekutana kimwili baada ya hapo. Yaani picha za msikitini, hata ziwe mia, hazimalizi neno. Kinachotakikana ni ushahidi kwamba alikuja baada ya nikahi: muhuri wa kuingia Kenya kwenye pasipoti yake, tiketi ya ndege, risiti ya chumba mlichokaa Diani, picha zenu na wakwe. Na aje kabla ya kupeleka ile fomu I-130, si baadaye. Uingereza nao wanataka muwe mmeshaonana ana kwa ana, na juu ya hapo, kwa maombi mapya tangu Aprili 2024, kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Awali kilikuwa 18,600. Mapenzi yamepanda bei kuliko unga.

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na kwa muda nilikuwa nawajazia watu fomu kwenye saiba moja hapa mjini. Siku moja dada mmoja akaja na bahasha ya picha. Binamu yake alikuwa amemshauri yeye na mumewe wapige picha siku moja huku wakibadilisha nguo, hapa Fort Jesus, pale Mama Ngina, kule Nyali, zionekane za miezi tofauti. Na walizipiga! Nilicheka, kisha nikaogopa. Mume alikuwa amekaa Kenya siku 11 tu. Pasipoti inasema siku 11, picha zinasema mwaka. Afisa ataamini ipi?

Tukaziweka kando. Tukachukua alichokuwa nacho kweli: taarifa ya M-Pesa ikionyesha pesa zinazoingia kila mwezi, orodha ya simu za kila asubuhi mume akitoka zamu, barua ya imamu na ya jirani wakieleza wanawajuaje. Na WhatsApp. Alitaka kuchapisha zile za "nakupenda" peke yake. Nikamwambia weka na ile mliyogombana juu ya sofa, siku tatu nzima. Watu wanaoigiza ndoa hawagombanii sofa. (Kazi ilikuwa kutafsiri. Karatasi ya Kiswahili lazima iende na tafsiri ya Kiingereza na sahihi ya aliyetafsiri, na mimi mpaka leo sijui "wanizingua" nilifaa kuiandika vipi.)

Kisha majina. Kitambulisho kinasema Fatma, cheti cha kuzaliwa Fatuma, cheti cha ndoa Fatima. Kwetu ni mtu mmoja. Kwenye faili ni wanawake watatu. Rekebisha mapema, na pale pasiporekebishika, weka hati ya kiapo kueleza kwamba wote ni wewe.

Ila la kuniudhi zaidi ni talaka ya mdomo. Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, utaulizwa karatasi ya kila ndoa iliyovunjika. "Nilimwacha mbele ya ndugu zake" haiingii kwenye bahasha. Nenda Mahakama ya Kadhi uifuatilie sasa, si wiki ya mahojiano. Na wazee wetu mnisamehe: mnalipia ukumbi, dhahabu, taarabu, na hakuna anayeuliza cheti kimeandikishwa au la. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, za Kiislamu zikiwemo. Leo binti anakihitaji kwa viza. Kesho mume akifa, atakihitaji kwa mirathi, na hapo hakuna Marekani wala nini.

Vile vya kawaida sivirudii, cheti cha tabia njema cha DCI, vipimo vya afya, fomu ya mumeo ya kukudhamini. Orodha yake utapewa. Lakini yule dalali anayekuambia atakutafutia "mume wa karatasi", mkimbie. Kwa sheria ya Marekani hiyo ni hadi miaka 5 jela na faini ya hadi dola 250,000, na ukishabainika, hata siku ukiolewa kwa kweli, mlango huo umefungwa.

Watu wa pwani mahojiano tumeyazoea, hata kitambulisho tu wengi wetu tulihojiwa, leta cha babu, leta mzee wa mtaa. Nadhani ndiyo maana tunajibu kama tumeshtakiwa. Hukumbuki tarehe? Sema hukumbuki.

Yule dada aliulizwa swali lile lile, ulikuwa wapi. Akasema juu, ghorofani kwa mama, na babake alipanda na mashahidi wawili kumuuliza kama amekubali. Afisa akaandika, kisha akauliza hina alichorwa na nani.

"Wifi yangu," akajibu, "na mkono wa kushoto aliuharibu."