Faini peke yake haijengi timu

KILA msimu tunasikia habari zilezile. Staa kachelewa kuripoti kambini, kakatwa mshahara, na mashabiki tunashangilia kwamba safari hii viongozi wako siriasi. Wiki mbili baadaye staa yuleyule anaanza kikosi cha kwanza, na uvivu wake uleule.

Sababu ni moja tu, hana wa kumwogopa. Anajua nyuma yake hakuna anayekuja.

Dogo wa U20 anajifua mwaka mzima, halafu dirisha la usajili likifunguliwa, analetewa mtu wa nafasi yake kutoka nje. Kanuni zetu zimeruhusu klabu kusajili wageni hadi 12. Sina ugomvi nao, wapo waliotupa raha. Shida inaanza dogo anapogundua kwamba ajitume asijitume, jibu ni lilelile. Hapo naye anaanza kuchelewa mazoezini, kisha tunasema vijana wa siku hizi hawana nidhamu!

Tazama Arsenal. Msimu wa 2020/21 walimaliza nafasi ya nane. Desemba 2021, Mikel Arteta akamvua unahodha Pierre-Emerick Aubameyang kwa utovu wa nidhamu, na mapema 2022 mshambuliaji huyo akatua Barcelona. Lakini Arteta hakuishia kwenye adhabu. Bukayo Saka na Emile Smith Rowe, waliokulia kwenye akademi ya klabu, walikuwa wakipewa mechi. Ujumbe ukaeleweka: jina halimlindi mtu na jasho halipotei. Msimu wa 2022/23 wakamaliza wa pili.

Hata hapa nyumbani mfano upo. Novatus Dismas alikuwa Azam, akapelekwa kwa mkopo Biashara United ya Mara ili acheze. Leo tunamtaja kama Mtanzania aliyecheza Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na Shakhtar Donetsk. Aliionyeshwa njia, akaipita.

Mpira ni kazi kama kazi nyingine. Mfanyakazi asiyeona cheo mbele yake hufanya ya kutosha tu ili asifukuzwe, na timu ya watu wa namna hiyo haichukui ubingwa.

Kwa hiyo viongozi, siku mkitutangazia faini ya staa, tutajieni na jina la kijana atakayeanza Jumamosi badala yake.