Je, Mbuzi wa Maziwa Amepimwa Kifua Kikuu?

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali. Kati ya maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi, ni yapi ungethubutu kumpa mtoto bila kuyachemsha? Wengi watajibu bila kusita kwamba ni ya mbuzi. Utasikia ikisemwa mitaani kuwa mbuzi hula majani ya kila aina, mengine yakiwa miti shamba, kwa hivyo maziwa yake ni dawa. Mgonjwa akikonda, aletewe maziwa ya mbuzi. Mtoto akikohoa, vivyo hivyo. Na kwa kuwa ni dawa, eti ukiyachemsha unaua nguvu zake.

Hapo ndipo hatari inapojificha. Mbuzi huambukizwa kifua kikuu kama ng'ombe, na kama wewe na mimi. Tena anaweza kukaa na ugonjwa huo kwa miezi mingi huku akila vizuri na kukamuliwa kila asubuhi. Kukohoa na kukonda huja baadaye, na wengine hawaonyeshi dalili yoyote hadi wanapochinjwa.

Ugonjwa huu uliwahi kumdanganya hata bingwa. Daktari Mjerumani Robert Koch, aliyetangaza mwaka wa 1882 kwamba amegundua kiini cha kifua kikuu, alihutubia mkutano jijini London mwaka wa 1901 na kudai kuwa kifua kikuu cha ng'ombe hakina hatari kubwa kwa binadamu. Uingereza iliunda tume kuchunguza dai hilo, nayo ikamaliza kazi yake mwaka wa 1911. Ilibainika kwamba Koch alikosea. Viini vya mnyama humfikia mtu, hasa mtoto mdogo, kupitia kwa maziwa.

Kiini hicho cha ng'ombe, Mycobacterium bovis, ndicho pia humwingia mbuzi anapolala zizi moja na ng'ombe mgonjwa au kushiriki naye maji na malisho. Huko Uhispania na kwingineko Ulaya kuna ndugu yake aitwaye Mycobacterium caprae, jina linalotokana na neno la Kilatini la mbuzi.

Mtu akikipata kupitia kwa maziwa, si lazima akohoe. Mara nyingi tezi za shingo huvimba, au ugonjwa hujificha tumboni. Isitoshe, kiini cha ng'ombe hakisikii dawa iitwayo pirazinamidi, ambayo ni moja kati ya dawa nne za kwanza anazopewa mgonjwa wa kifua kikuu.

Sasa utajuaje kama mbuzi ana ugonjwa huu? Kwa macho huwezi. Kuna mbuzi wengi ambao huota majipu shingoni kutokana na maradhi mengine kabisa, na mwenye kifua kikuu akawa hana hata kipele. Jambo la kufanya ni kumwita daktari wa mifugo ampime kwa tuberkulini.

Tuberkulini ni maji yenye protini za viini vilivyokwisha kuuawa. Koch mwenyewe aliitoa mwaka wa 1890 akitumaini kwamba itatibu kifua kikuu. Haikutibu, lakini ikaonekana kuwa mnyama aliyeambukizwa huvimba anapodungwa. Ni sawa na kile kipimo cha ngozi anachofanyiwa mtu mkononi hospitalini.

Daktari hunyoa manyoya shingoni, hupima unene wa ngozi, kisha hudunga tuberkulini kidogo ndani ya ngozi. Baada ya saa 72 hurudi kupima tena. Akidunga Jumatatu, jibu ni Alhamisi. Kwa hivyo anayekudungia mbuzi na kukupa jibu siku hiyo hiyo hajakupimia chochote. Kwa kawaida unene ukiongezeka kwa milimita 4 au zaidi, mnyama huhesabiwa kuwa ameambukizwa.

Hata hivyo, udongoni na kwa ndege kuna viini vinavyofanana na hiki, navyo vinaweza kuivimbisha ngozi ya mbuzi mzima. Ndiyo maana daktari mwangalifu hudunga mahali pawili: pamoja tuberkulini ya ng'ombe, pengine ile ya ndege. Kisha hulinganisha uvimbe. Ule wa ndege ukiwa mkubwa zaidi, huenda mbuzi hana hatia.

Kipimo hiki kina mapungufu yake. Mbuzi aliyeambukizwa majuzi huenda asivimbe, kwa kuwa mwili wake haujapata wiki za kutosha kukitambua kiini. Aliyezidiwa kabisa naye huenda asivimbe, maana mwili umechoka kupigana. Kipo pia kipimo cha damu, lakini damu hiyo yapasa kufika maabara upesi ikiwa bado hai. Kwa sababu hizi, kundi lote hupimwa, tena zaidi ya mara moja.

Jibu likiwa baya, ndipo mfugaji hujaribiwa. Mbuzi wa Toggenburg au Alpine, kama wale wanaofugwa Meru na Nyeri, ni mali. Mwenye mbuzi atashawishika kumpeleka sokoni kimya kimya, amwachie mwingine mzigo. Ndugu yangu, huko ni kuuza ugonjwa. Mifugo wenye kifua kikuu hawatibiwi, huondolewa na kuchinjwa chini ya uangalizi. Mkaguzi wa nyama hupasua tezi na kuangalia mapafu, akitafuta vinundu vyenye usaha mzito wa manjano kama jibini. Hii ndiyo sababu nyama isiyo na mhuri haifai kuingia jikoni mwako, hata kama bei yake inavutia.

Nawe uliye mjini, usiye na zizi wala mbuzi, una kipimo chako: sufuria. Nyuzi 72 kwa sekunde 15 zatosha kukiua kiini hiki, na maziwa yanayotokota yamezipita mbali. Kuyagandisha yawe maziwa lala kabla ya kuyachemsha hakutoshi. Na muuzaji akikuletea maziwa mlangoni, muulize bila haya: mbuzi wako walipimwa lini? Akikasirika, umekwisha kupata jibu.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita ni wa maziwa ya mama, si ya mbuzi. Mkubwa wake mpe, lakini yachemshe kwanza. Wahenga walisema kizuri hakikosi ila, na maziwa ya mbuzi ni mazuri kweli. Ila yake huishia jikoni, ukitaka.