BWANA SHAMBA AZUNGUMZA: Mshitaki Asiwe Hakimu

Ndugu wasomaji, mwezi huu tuweke jembe kando. Tuzungumze juu ya kamati ya nidhamu katika chama cha ushirika.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye mkutano wa chama cha wakulima wa michikichi, kando ya Ziwa Tanganyika. Jina la chama silitaji. Mzee mmoja alisimama akauliza: "Ndugu Mwenyekiti, tuliuza mapipa sita ya mawese. Fedha ziko wapi?"

Hakujibiwa. Wiki iliyofuata aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Alishitakiwa kwamba anavunja umoja. Aliyemshitaki ni mwenyekiti. Aliyeongoza kamati ni mwenyekiti huyo huyo. Wajumbe wengine wawili aliwateua yeye, na mmoja ni shemeji yake. Kabla jua halijazama, mzee alikwisha fukuzwa.

Mimi nilikuwapo, nikanyamaza. Nilisema moyoni, mimi ni bwana shamba tu. Jambo hilo linanisumbua mpaka leo. Msimu ule mzee aliuza mawese yake kwa mlanguzi, kwa bei ya kutupa. Na hakuna mwanachama mwingine aliyeuliza tena habari za mapipa.

Labda mwenyekiti hakuiba. Lakini nani atajua? Kamati iliyo huru ingeweza kumsafisha yeye pia.

Mambo haya si mageni. Mwaka 1966 Serikali iliunda tume kuchunguza vyama vya ushirika nchini, kwa sababu wakulima walilalamika. Tume ilikuta viongozi wasio waaminifu. Ilikuta pia wanachama wengi hawajui haki zao. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Wazee wanakumbuka.

Basi kamati ya nidhamu ichaguliwe na nani? Ichaguliwe na Mkutano Mkuu, siyo mwenyekiti. Mjumbe wa Bodi asiingie. Mwenyekiti asiwe na uwezo wa kumwondoa mjumbe wa kamati. Posho yao ipangwe na Mkutano Mkuu, maana anayekulisha ni vigumu kumwambia hapana. Kesi ikimhusu ndugu wa mjumbe, mjumbe huyo atoke nje. Kijijini sote ni ndugu, najua. Hata hivyo shemeji wa mshitaki anafahamika.

Mshitakiwa naye aelezwe kosa lake kwa maandishi, apewe siku za kujiandaa, asikilizwe. Katiba ya nchi, ibara ya 13, inampa mtu haki ya kusikilizwa na haki ya kukata rufaa. Rufaa iende Mkutano Mkuu. Mkishindwa kuelewana, mwoneni Ofisa Ushirika wa wilaya.

Haya yote yaandikwe katika masharti ya chama. Je, masharti yenu yako wapi? Kama yamefungiwa katika sanduku la katibu, mwombeni ayalete mkutanoni. Safari hii asome mwanachama mwingine, kwa sauti.