Onyo si adui: acheni kuiziba PHP mdomo

Nina ugomvi na waandishi wa programu wenzangu, na leo nausema wazi. PHP ikitoa onyo kwamba ufunguo fulani haumo kwenye $_POST, mtu anabandika alama ya @ mbele ya mstari, onyo linatoweka, anafunga kompyuta na kwenda zake. Eti ametengeneza! Hujatengeneza kitu, ndugu yangu. Umemziba mdomo mlinzi aliyekuwa akikuambia mlango uko wazi.

Tuchukue mfano. Shule inasajili watoto kwa fomu ya mtandaoni, na mzazi anaweza kuandikisha watoto 3 kwa mpigo. Kila mtoto ana sehemu ya jina, name="jina[]", na kisanduku cha kutia tiki kama ana mzio wa njugu, name="mzio[]". Yale mabano ya mraba yanaiambia PHP ikusanye majibu kwenye safu, yaani orodha yenye nafasi zinazohesabiwa kuanzia 0. Safi kabisa, sivyo?

Sasa mzazi anaandika Amina, Barasa na Chebet, halafu anatia tiki kwa Chebet peke yake. Seva inapokea nini? Majina 3, nafasi ya 0, ya 1 na ya 2. Mzio unafika mmoja tu, tena umekaa nafasi ya 0! Sababu ni kwamba kisanduku kisichotiwa tiki hakitumwi na kivinjari. Sehemu ya maandishi ikiachwa tupu hutumwa ikiwa tupu, lakini kisanduku hakiji kama sifuri wala kama "hapana". Hakiji kabisa. Ndivyo HTML inavyotaka, si hitilafu. Kwa hiyo programu inayosoma safu hizo mbili sambamba inampa Amina mzio wa Chebet, na Chebet anaandikwa kwamba hana tatizo.

PHP haikunyamaza. Ilipofika nafasi ya 1 na ya 2 ilisema: Undefined array key 1, kisha Undefined array key 2. Hayo ndiyo maneno uliyoyazima kwa @. Siku njugu zikipikwa shuleni, jikoni watasoma orodha yako na kuiamini.

Najua mtajibu: "Sisi hatutumii @, tuna ??." Alama hiyo ilikuja na PHP 7 mwaka 2015, nami naipenda. Lakini ukiandika $_POST['mzio'][$i] ?? 0 kwenye fomu hii, umebadilisha kitambaa tu. Mdomo bado umezibwa. Thamani ya akiba ni halali pale unapojua kwa nini ufunguo unaweza kukosekana. Kama hujui, hiyo si akiba, ni uongo unaouweka kwenye hifadhidata.

Tiba yenyewe ni rahisi. Kabla ya kugusa mstari wowote, andika print_r($_POST) uone kilichofika, si kile unachodhani kimefika. Kisha rekebisha fomu, maana kosa liko huko: jina[0] na mzio[0], jina[1] na mzio[1], jina[2] na mzio[2]. Sasa $_POST['mzio'][2] ni ya Chebet, awe peke yake au na wenzake. Hapo isset na ?? zinauliza swali la kweli: mzazi alitia tiki, au hakutia?

Fomu ndefu nazo zina mtego wao. Mpangilio wa max_input_vars ni 1000 usipoubadilisha, na vinavyozidi hapo hukatwa. PHP hutoa onyo, ila kama umezima kumbukumbu za makosa hutaliona. Kwenye seva ya wateja zima display_errors, sawa, lakini log_errors iache ikiwaka, na faili lake ulisome!

Hadi PHP 7.4, kusoma ufunguo usiokuwapo kulileta notisi ndogo tu. PHP 8.0, mwaka 2020, iliipandisha cheo ikawa onyo kamili. Walifanya vyema. Mtumiaji wa fomu hana njia ya kujua kwamba jibu lake limeandikwa kwa jina la mtu mwingine. Wa kumwambia ni wewe, na wa kukuambia wewe ni lile onyo unalolifuta.