Mwalimu Mkuu Hakusomea Ukandarasi

Mwaka 1997 Bunge lilitunga sheria tatu zilizofuatana, Na. 15, 16 na 17, za kusajili wahandisi, wasanifu na wakadiriaji majenzi, na makandarasi. Shabaha yake ilikuwa kwamba anayejenga ajulikane ni nani, ana ujuzi gani, na kazi yake ikiharibika aulizwe wapi. Mkandarasi hupangwa katika moja ya madaraja saba, wala haruhusiwi kushika kazi iliyozidi daraja lake.

Pembeni mwa sheria hizo umekua utaratibu ambao makandarasi wadogo wanaunung'unikia: fosi akaunti, uliowekwa katika kanuni za ununuzi wa umma za mwaka 2013. Hapo mkandarasi hatafutwi. Fedha hupelekwa shuleni, kamati hununua saruji, nondo na mabati, na mafundi wa mtaani hulipwa ufundi tu. Mwaka 2021, kutokana na mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, madarasa 15,000 yalijengwa, kwa sehemu kubwa kwa njia hii, kila moja kwa shilingi milioni 20. Asiyeona neema katika jambo hilo hana macho.

Wala malalamiko ya makandarasi hayakubaliki yote. Wako kati yao waliozoea kuiona Serikali kuwa ng'ombe wa kukamuliwa, na bei zao zilikuwa za kutisha. Tena kujijengea shule si jambo geni kwetu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 wananchi walifyatua matofali na kusimamisha madarasa kwa mikono yao.

Lililo zito, kwa maoni yangu, ni hali ya mwalimu. Mwalimu mkuu aliyesomea Historia na Kiswahili huamka siku moja akiwa mnunuzi, mtunza ghala na msimamizi wa ujenzi. Ni nani aliyemfundisha kutambua zege lililopungukiwa saruji, au nondo iliyo nyembamba kuliko iliyoandikwa katika mchoro? Mfuko mmoja ukipotea, mkaguzi atamwuliza yeye. Ukuta ukipasuka, atatazamwa yeye. Kwa kawaida mkandarasi hufungwa na kipindi cha matazamio, na sehemu ya malipo yake huzuiliwa mpaka arekebishe kasoro kwa gharama yake mwenyewe. Fundi wa mtaani akishalipwa hukunja mkoba wake akaenda zake, na ufa unaotokea masika yanayofuata hutafutiwa fedha nyingine ya umma.

Watasema yuko mhandisi wa halmashauri. Naam, na kanuni zile zilitaka wawepo wataalamu wa kusimamia kazi. Lakini mhandisi mwenye kata nyingi na gari moja bovu atafika wakati wa kuchimba msingi, kisha ataonekana tena siku ya kukata utepe (siku hiyo haimpiti). Jengo la Kariakoo lilipoanguka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, lilikuwa la biashara, si shule. Hata hivyo swali lililoulizwa mara moja lilikuwa nani aliidhinisha na nani alikagua. Katika shule zetu nyingi jibu la swali hilo ni jina la mwalimu.

Fosi akaunti haina haja ya kufutwa. Darasa moja la chini na lijengwe hivyo, ila mhandisi atie sahihi katika msingi, katika lenta na katika paa kabla ya fedha ya hatua inayofuata kutolewa, naye ndiye awajibike kwa sahihi hiyo. Maabara, mabweni na majengo ya ghorofa wapewe makandarasi, wakiwamo wa madaraja ya chini waliomo wilayani, kwa bei isiyopita makadirio ya halmashauri. Mwalimu abaki na daftari la ghala, na hata kwa hilo apunguziwe vipindi.