Staa Kauza Boksi, Dogo Kauziwa Ndoto: Hela ya Kalamu za Mbao Inavyoliwa Mjini

Kuna staa mmoja wa mitandaoni hapa Dar, jina kapuni, kapata mchongo mpya. Kaweka pembeni mafuta ya nywele, sasa anauza "boksi la kuanzia" kwa vijana wanaotaka kutengeneza kalamu za mbao. Kwenye video kasimama mbele ya mashine ya kukereza, shati jeupe halina chembe ya vumbi, mkononi kalamu ya mpingo inang'aa. Laki nne tu, anasema, unajiajiri. Asichosema ni nani aliyeikereza hiyo kalamu, wala yeye kalipwa shilingi ngapi kuishika.

Dogo mmoja wa Mbagala, naye jina kapuni, akaingia mzima mzima. Ile laki nne ilikuwa zamu ya mama yake kwenye mchezo wa kina mama wa mtaani. Boksi likafika: vyuma vya kalamu aina tano, patasi sita, vipande vya rezini za rangi na stendi ya kupangia kalamu kwa ajili ya picha. Mashine haimo. Ikabidi aende kwa fundi mmoja Keko anayekodisha lezi yake kwa saa.

Siku ya kwanza kapasua vipande vitatu. Fundi akachukua patasi, akaipitisha kwenye mwanga.

"Mdogo wangu, hii umeinoa lini?"

"Si mpya, fundi?"

"Mpya siyo kali."

Hapo ndo uongo wa boksi ulipofichwa. Mwenye hela ndogo hahitaji patasi sita. Anahitaji moja au mbili za chuma kizuri, na namna ya kuzinoa. Patasi butu inang'oa nyuzi za mbao badala ya kuzikata, na kipande chembamba kilichovalishwa kibomba cha brasi hakisamehe. Lakini jiwe la kunolea halina mvuto kwenye picha, kwa hiyo halikuwekwa.

Halafu hizo aina tano za vyuma. Kila aina huwa na kipimo chake: biti yake ya kutobolea na bushi zake za kumwonyesha mkerezaji aishie wapi. Boksi lilikuwa na biti moja ya milimita 7 na bushi za aina moja, ile kalamu nyembamba ya kuzungusha ambayo wengi huanza nayo. Aina nne zilizobaki ni mapambo mpaka dogo aongeze hela. Kha! Mtu anauziwa viatu vitano, vinne vya mguu wa jirani.

Mwenye akili ya mjini angechagua aina moja na kukomaa nayo. Angenunua vyuma vichache na vibomba vya akiba, maana mbao ikipasuka kinachoharibika mara nyingi ni kibomba tu. Rezini angeiacha dukani. Mji huu una wachongaji vinyago pale Mwenge, na mabaki ya mpingo si kitu cha kuagiza ng'ambo. Kalamu moja inataka kipande cha sentimita 13 hivi kwa urefu na 2 kwa upana. Ila mpingo ni mgumu: ukitoboa kwa pupa unapata moto na kupasuka, kwa hiyo biti inatolewa kila mara kuondoa unga. Mazoezi ya kwanza yafanyike kwenye mbao ya bei ya chini, bila chuma chochote ndani.

Mashine ya kubania kalamu? Jiliwa la fundi lenye vibao viwili laini mdomoni linatosha. Kung'arisha? Msasa wa namba zinazopanda, kisha supagluu matabaka membamba au nta. Pasipobanwa hela ni kwenye miwani ya kukinga macho na barakoa. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua, na jicho halina kibomba cha akiba.

Watetezi wa staa wameshaanza: "Kwani alimshikia mtu kisu?" Hakushika. Ila mtu mwenye wafuasi anajua wanaomwamini ni akina nani. Anajua wengi hawana laki nne ya pili. Tajiri akikosea boksi, anaagiza lingine. Dogo akikosea, mama anakosa zamu. Ndiyo maana hela ndogo inastahili ushauri wa kweli kuliko hela kubwa, na ndiyo maana tangazo la kulipwa liitwe tangazo, lisivalishwe nguo za ushuhuda.

Dogo hajakata tamaa. Kaiuza ile stendi ya picha, kanunua jiwe la kunolea na supagluu. Wiki iliyofuata kalamu ya kwanza ikatoka, nyembamba, imeinama kidogo upande mmoja. Kampa mama. Mama anaitumia kwenye daftari la mchezo, kuandika nani kalipa na nani bado anadaiwa.

Staa yeye kashahamia kwenye mishumaa.

Wadau, boksi gani limewahi kula hela yako? Dondosha komenti hapo chini, majina tupa kapuni.